Kidole Gumba cha Mzee Kihiyo

Kila Mwanglikana wa Muheza alivishwa bangili siku ya ubatizo: ya kijani kwa upande wa Kale, nyeupe kwa upande wa Mpya, tangu kanisa lilipogawanyika. Bangili ndiyo iliyofungua kanisa, kisanduku cha mkate mtakatifu na lango la makaburi, vya upande wake tu. Kuhama upande kuliruhusiwa mara moja tu maishani, kwa kuibonyeza kwa kidole gumba.

Perusi alikuwa Mpya, mumewe Kihiyo Kale, na utani wao ulianzia mezani.

"Mke wangu, mbinguni utaingilia mlango wa jikoni."

"Ndiko chakula kiliko, baba."

Sasa Kihiyo yu hoi kitandani, kasisi wa Kale yuko safarini, na mzee analilia ule mkate kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Perusi ndiye anayewapelekea wagonjwa wa Mpya mkate, lakini kisanduku chake kikiona kijani kinajifunga kama kobe.

Mzee aliposinzia, Perusi akakishika kidole gumba cha mumewe, akakibonyeza kwenye bangili. Kijani kikafifia, bangili ikawa nyeupe. Kisanduku kikafunguka.

Kihiyo akaamka, akala, akatabasamu. "Si nilikwambia? Mwisho wa siku mtalegea tu, nyie wa Mpya."

"Tumelegea, baba."

"Basi sina deni. Hata leo wakanilaze kando ya mama."

Mama yake alilala makaburi ya Kale. Perusi alikuwa amefikiria mkate, lango hakulifikiria.

"Mbona mkono wangu unaufunika, na joto hili?"

"Baridi inakuja," akasema Perusi, akaikaza shuka.