Vikonyo vya Mwani

Mlango wa jikoni ulipofungwa tu, Jeom-rye akalirukia beseni. Akavikamata vile vikonyo vya mwani vilivyolowekwa na mgeni tangu asubuhi, akavisukumiza kwenye ndoo ya taka na kuvifunika kwa majani ya kabichi. Kisha akachota vingine mfukoni, vyeupe kwa chumvi ya mawe, akavisuuza juu juu mara moja, akavitia majini palepale pa wenzao.

Mwanamke mzima, mke wa mkulima wa mwani, anayejulikana pwani nzima ya Gijang, leo ananyata kama mwizi jikoni mwake mwenyewe! Lakini afanyeje? Tae-gyun ni mwanawe wa pekee, na huyu Sae-rom, binti wa Seoul, amekuja alfajiri ya leo kujitambulisha kwa wazazi. Harusi ikipita, kijana atahamia hukohuko. Mwaka jana homa ilipomlaza Jeom-rye mpaka majirani wakaanza kunong'ona, nani alimnywesha uji kama si Tae-gyun? Kumpoteza hakuweza.

Na silaha alikuwa nayo: ulimi wa mumewe. Mwaka walipooana, supu ilimzidi chumvi, na Du-sik akapindua meza na vyote vilivyokuwa juu yake. Jeom-rye hajaisahau siku ile. Na kikonyo cha mwani kisichotolewa chumvi si chakula, ni adhabu. Mzee akitema mbele ya mgeni, basi, posa imekufa.

Sae-rom akaingia na vitunguu saumu alivyotumwa uani.

"Mama, hivi vinatosha?"

"Vitatosha. Haya, kaanga, wanaume wana njaa. Nyumba hii mke hapimwi kwa digrii."

"Najua, Mama. Tae-gyun amenitisha njia nzima," binti akasema, akacheka peke yake.

Akavikamua vikonyo, akavikata urefu wa kidole, akatia mafuta na saumu kwenye kikaango. Jiko likanukia. Jeom-rye alisimama nyuma yake. Huyu akionja tu, mambo yote yameharibika.

Sae-rom akadokoa kikonyo kwa vidole. Jeom-rye akashika pumzi.

Lakini binti alikuwa na malezi. Akakinga kiganja chini, akageuka, akakipeleka mdomoni mwa mkubwa kwanza.

"Mama, niangalizie chumvi."

Lo! Jeom-rye akajikaza, akafungua mdomo. Akatafuna, akameza. Uso haukukunjika hata chembe, naye akajisifu kimoyomoyo: mwanamke wa pwani hatishwi na chumvi.

"Imekaa sawa. Pakua."

Mkubwa akishasema sawa, nani aonje tena? Sae-rom akapakua, akanyunyiza ufuta juu.

Tae-gyun alikuwa amekwisha kuandaa meza. Katikati aliweka lile birika kubwa la chai ya shayiri, maana siku hizi dogo halikuwatosha, yeye na baba yake wamekuwa wanywaji chai kupindukia. Wakakaa. Wote wakamsubiri mzee ashike vijiti vyake.

Du-sik akachota fungu zima la vikonyo, akalitia kinywani. Jeom-rye akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, angalau aokoe mabakuli.

Mzee akatafuna. Akameza. Akachota tena.

"Baba Tae-gyun," Jeom-rye akashindwa kuvumilia, "vikoje?"

"Vikoje nini? Vizuri." Akajimiminia chai, akaimaliza yote, akajaza tena.

Jeom-rye akamkodolea macho mwanawe. Tae-gyun naye alikuwa anatafuna, ananyoosha mkono kwenye birika.

"Vitamu, Mama. Kula na wewe."

Sasa ikawa zamu ya Sae-rom. Alitia kikonyo kimoja mdomoni, akaganda. Shingo ikamwiva, machozi yakamlenga.

"Baba," akasema kwa shida, "naomba mnisamehe, mimi..."

"Tukusamehe nini? Kula, mwanangu," Du-sik akamkata. "Mkono wako na wa mama yako huyu ni mmoja."

Hasira zikampanda Jeom-rye mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe na huyu mzee amekwisha kulainishwa! Mtu aliyempindulia meza mkewe, leo anamezea mgeni chumvi tupu na kumpamba juu! Akanyakua bakuli la wali, ambalo halijaliwa hata nusu, akaenda nalo jikoni asije akalia mbele yao.

Alikuwa hajashika upawa alipomsikia Tae-gyun akinong'ona nyuma ya mlango.

"Kunywa chai. Polepole. Utazoea."

"Nizoee vipi? Ni chumvi, Tae-gyun! Nimeviloweka asubuhi yote, sijui nimekosea wapi. Na Mama ameonja, kasema sawa!"

Ikaja sauti ya Du-sik, ya chini, ambayo Jeom-rye hakuwahi kumsikia nayo.

"Binti, ile homa ya mwaka jana ilimwachia mama yenu uhai, ikaondoka na ulimi. Chumvi haisikii tena, na mwenyewe hajui. Chakula cha nyumba hii ndicho hiki hiki, kila siku. Na ole wake atakayemwambia."