Mgeni Rasmi Angani

Nguchiro alivunjika mguu na mbavu akijaribu mabawa aliyoyaunda kwa mianzi na ngozi, hadi yakakubali kuruka. Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi, Nyani, akawatangazia wanyama wote: "Mabawa haya nimeyaunda mimi!"

Wakampigia vigelegele. Damu ikamchemka Nguchiro. Mbavu bado zinamuuma, na huyu hata mwanzi mmoja hakukata!

"Basi ruka nayo, mheshimiwa, tukuone," akasema Nguchiro.

Macho yote yalikuwa kwa Nyani. Akajifunga mabawa, akajirusha kutoka jabalini. Upepo ukambeba juu, ukazidi kumbeba. Mara akapiga ukelele: "Nguchiro, ndugu yangu! Yanashukaje haya?"

Nguchiro akamjibu kwa sauti iliyofika mawinguni: "Muulize aliyeyaunda!"