Kanga na Msemo wa Kizungu

Hii nilihadithiwa na shangazi yangu Somoe, tukichambua mchele.

Korongo, anayekwenda Ulaya kila mwaka, alitafuta ndege wa kumpokelea wageni wake. Ujira ni kikapu cha kumbikumbi kila asubuhi, ila kwanza mtihani wa kuongea Kiingereza.

Kanga ana vifaranga kumi na viwili, Kiingereza hana hata kidogo. Akamwendea Kasuku, akafundishwa msemo mmoja unaofaa kila mahali: "Usijali, ni jambo dogo."

Korongo akauliza kwa Kizungu, "Wageni wakija mia?"

Kanga akanyoosha shingo, akajibu kwa Kizungu, "Usijali, ni jambo dogo."

"Wakigombana?"

"Usijali, ni jambo dogo."

Korongo akasema, bado kwa Kizungu, "Mama, unaongea kama umezaliwa kule. Kazi umepata. Na kile kikapu, nile mimi?"

"Usijali, ni jambo dogo."

Kesho yake Kanga akaja analia kwa lugha ya kwao, "Mzee Korongo, wanangu wana njaa."

Korongo akameza kumbikumbi wa mwisho, akamjibu kwa Kizungu, "Usijali, ni jambo dogo."

Kizungu hicho, Kanga alikielewa vizuri sana.

Haya wajukuu zangu, jifunikeni mlale. Na wewe unayecheka, sogeza miguu.