Ufunguo wa Chumvi

Chumvi ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la cherehani, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mke wa mwanawe. Mama alipouona asubuhi ya kwanza, aliguna.

Miaka ishirini na tisa alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Alilisha watoto mia nne kila siku, mafuta kwa madebe, chumvi kwa magunia, na hakuna hata mmoja aliyefia mezani. Leo ndiyo afundishwe jiko na karani wa posta! Binti anayeogopa mchele mweupe, anayenusa kopo la nyanya utadhani limefugiwa nyoka. Mama alimbandika jina la Daktari wa Majani, na alilitamka kwa sauti ya kufika sebuleni.

Madaktari wenyewe hakuwa na muda nao. Alipoanguka jikoni kwake na kulazwa siku tatu, kijana mmoja mwenye koti jeupe alithubutu kumtajia habari za chakula. "Siku utakapolisha watu mia nne ndipo uje unifundishe," alimkatiza, akavaa viatu vyake akaondoka. Joto la jiko tu lile.

Lakini wiki mbili baadaye mwanawe alimwambia kwamba yeye mwenyewe anaumwa moyo. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Siku hiyohiyo alifungasha nguo akahamia kwao.

"Nyumba nzima tunabadili chakula, mama," mwanawe alisema. "Vyote vya makopo na vya pakiti vimetupwa. Ila peke yangu sitaweza. Usipokula wewe, na mimi sili."

Basi akala. Maharage yasiyojua mafuta, mkate mgumu wa ngano isiyokobolewa, mboga zilizochunguliwa na mvuke tu zikapakuliwa. Kila tonge alilisindikiza na neno.

"Hili boga lilimkosea nani?" aliuliza mezani.

Mkwewe aliinamia sahani yake asijibu, na mama akamdharau zaidi. Mtu hata boga lake mwenyewe hawezi kulitetea!

Kila jioni Daktari wa Majani alimpima mumewe presha, kisha akampima na mama, eti mume asijione mpweke. Hata vidonge vilikuja viwili viwili: cha mgonjwa, na cha mama cha kuongeza nguvu. Alikimeza huku amemkazia macho mkwewe, ajue kwamba anamezewa tu kwa hisani.

Miezi minne ikapita. Sketi za mama zilianza kumvuka kiunoni. Mwanawe alibaki na kitambi chake kilekile.

"Unaona?" alimwambia jirani. "Majani yake hayamsaidii kitu. Atanizikia mwanangu yule, halafu atajiita msomi."

Usiku huo mama alilia kimyakimya, na asubuhi aliamka na dharau yake ileile.

Siku moja mwanawe alisahau bakuli lake la chakula cha mchana. Mama alilibeba akaenda nalo hadi karakana yake ya kutengeneza majokofu. Mitaa mitatu, hakupumzika hata mara moja.

Harufu ilimpokea mlangoni, na pua ya mpishi haihitaji kuelezwa. Nyuma ya majokofu yaliyofunguliwa migongo, mwanawe na mkewe, yule aliyeaga kwamba anakwenda posta, walikuwa wamekaa juu ya makreti. Chipsi zilikuwa zimemwagwa kwenye karatasi, juu ya jokofu lililolazwa chali. Walikuwa wanacheka, midomo imelowa mafuta. Chumvi ilionekana kwa macho.

"Muuaji mkubwa wewe!" mama alimfokea mkwewe. "Nyumbani unafungia chumvi, huku unamlisha sumu kwa mkono wako? Nilijua huwezi kupika. Kumbe hata mke si mke!"

"Mama, ngoja kwanza..." Mwanawe alisimama.

"Kaa chini! Wewe mgonjwa unajichania chipsi, na mimi mzima nimetafuna majani miezi minne kwa ajili yako?" Akatua bakuli, akakwapua chipsi mkono mzima. "Basi leo na mzima naye atakula!"

Mkono haukufika mdomoni. Mkwewe, ambaye kwa miezi minne hakuwahi kumjibu hata neno, aliupiga kofi chipsi zikatawanyika sakafuni. Alikuwa analia.

"Usile, mama! Yeye haumwi. Aliyeanguka ni wewe."