Mnofu Kwenye Kijiko

Nilikuwa nimeshashika kijiko nilipoiona pete kidoleni mwangu. Siku zote huivua nje ya mkahawa wa mama yake Narae, kabla sijaingia kula mchana. Leo nilisahau.

Narae akaniletea supu, wali na samaki wa kuchoma. Pete yake alimwambia mamaye kwamba alijinunulia. Sasa mikono yetu ilikuwa juu ya meza moja, na pete zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Hapa Korea, wanaovaa hivyo ni wapenzi tu.

Mama yake, aliyekuwa akipanga visahani vya kimchi, ile kabichi kali ya kuchachusha, akazitazama zote mbili. Kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, huko shule wanakulisha chaki? Umekonda."

Akaketi mbele yangu. Akamvuta samaki wangu, akaanza kumtoa miiba kwa vijiti, taratibu. Narae aliuficha mkono ndani ya aproni.

Mama akaniwekea mnofu juu ya wali uliokuwa kwenye kijiko changu, kama anavyomwekea bintiye.

"Kula. Baba yake anarudi Jumapili," akasema. "Msizivue. Nataka azione mimi nikiwepo."