Mgongo wa Chui

"Kichwa sitaki," mzee alisema. "Wala miti. Nichoree mgongo wa chui peke yake, ukubwa uleule wa chui mwenyewe."

Bonface alisita, brashi mkononi. Siku hizi kibanda chake kando ya barabara ya Isebania hakikosi wateja wa picha za wanyama. Hoteli zinataka viboko, shule zinataka twiga. Lakini mgongo mtupu hakuwahi kuombwa.

Mzee huyo, aliyejitambulisha kama Maroa, alirudi mara tatu kukagua kazi. Madoa ya ubavuni yaongezwe ukubwa. Ya kwenye uti wa mgongo yasongamane. Alipitisha kiganja hewani juu ya kitambaa kama mtu anayepapasa kitu alichokizoea. Bonface akamuuliza chui alimwonea wapi.

"Sijawahi kumwona," Maroa alijibu. "Ngozi yake ndiyo naijua."

Tangu hapo Bonface hakuwa na raha. Ngozi ya chui ni jela. Bila shaka picha ilikuwa ya kuwaonyesha wanunuzi, ngozi yenyewe imefichwa mahali, na mambo yakiharibika mchoraji ndiye angeshikwa wa kwanza. Siku ya kuchukua mzigo wake Maroa hakuomba hata kupunguziwa bei. Aliukunja haraka haraka, akasema Jumamosi ana wageni.

Bonface akampigia simu Liz, afisa wa wanyamapori.

Jumamosi asubuhi walifika wote wawili nyumbani kwa Maroa. Boma lilikuwa limefurika watu, ngoma zinalia. Maroa alikuwa anasimikwa kuwa mzee wa ukoo. Alisimama katikati ya wazee wenzake, ngozi ya chui imemlalia mabegani, madoa yanang'aa juani.

"Ndiyo hiyo," Bonface alinong'ona. "Hata kuificha hakuificha."

Liz alipenya katikati ya watu. Ngoma zikanyamaza. Alimwamkia Maroa kwa heshima, akaishika ile ngozi begani, wakasemezana kidogo. Kisha akarudi peke yake, pingu bado zinaning'inia kiunoni.

"Ngozi ya baba yake alituletea ofisini mwenyewe, mwezi uliopita," alimwambia Bonface, akimwonyesha vidole vilivyojaa rangi ya manjano. "Hii yako, ungeiacha ikauke kwanza."