Profesa Hobokela Hakunyamaza

Profesa akistaafu, nakala yake ya kidijitali ndiyo huendelea kufundisha somo la kompyuta chuoni. Yeye mwenyewe haruhusiwi kumfundisha mtu yeyote tena, hata nyumbani. Akikaidi, huvuliwa uprofesa.

Jikoni, Profesa Hobokela alimwaga maharage mezani mbele ya wifi yake, Tusekile, aliyeuliza kompyuta hupangaje vitu.

"Gawanya nusu kwa nusu mpaka zibaki punje moja moja. Kisha uziunganishe, ndogo zitangulie."

"Wifi, kwa mwendo huu tutakula kesho."

Nakala ikaonya kupitia kipaza sauti cha ukutani, kwa sauti ya Hobokela mwenyewe, "Profesa, acha kufundisha."

"Wewe nilikufundisha mimi," Hobokela alijibu taratibu. "Tusekile, gawanya tena."

"Bibi Hobokela, acha," kipaza sauti kikasema.

Tusekile aliinua mikono kutoka mezani. Hobokela akamsogezea maharage.

"Gawanya."